Kuuza Lubumbashi Ukiwa Dar es Salaam: Mlangoni Kwako, kwa Msambazaji, au kwa Kampuni Yako?

Mfanyabiashara wa Dar es Salaam anayetaka bidhaa zake ziuzwe Lubumbashi ana njia tatu zinazojulikana. Ya kwanza ni kumsubiri mnunuzi wa Kongo aje mwenyewe Kariakoo au kiwandani, alipe, kisha aondoke na mzigo wake. Ya pili ni kumpata msambazaji aliyeko Lubumbashi na kumpelekea mzigo kwa masharti mtakayokubaliana. Ya tatu ni kufungua kampuni yako huko, ukawa na ghala, meneja na ankara za jina lako. Makala haya yanazilinganisha njia hizo kwa kipimo kimoja, nacho ni hasara: siku mambo yatakapoharibika, mali itakuwa upande gani wa mpaka, fedha zitakuwa mikononi mwa nani, na karatasi iliyopo itasomwa na hakimu wa nchi gani. Faida haikuwekwa mbele kwa makusudi, kwa sababu kila anayeanza biashara hii hupiga hesabu ya faida kabla ya jambo lingine lolote, na hesabu hiyo huwa sahihi mpaka lori la kwanza likwame.

Barabara, lugha na sarafu

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilikubaliwa kuingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwezi Machi 2022, na ikawa mwanachama kamili tarehe 11 Julai mwaka huo huo. Wako walioipokea habari hiyo kana kwamba mpaka umeondolewa. Haukuondolewa. Lori linalotoka Dar es Salaam kwenda Lubumbashi hutembea karibu kilomita 2,000, huvuka Tunduma, hukatiza Zambia hadi Kasumbalesa, na hapo ndipo huingia Kongo. Kwa hiyo mzigo unaotoka nchi mwanachama kwenda nchi mwanachama hupita katika nchi ya tatu ambayo si mwanachama, na ambayo ina mashauri yake yenyewe na Kongo. Mwezi Agosti 2024, Kongo ilipokuwa imezuia bia na vinywaji baridi visiingizwe kutoka nje, Zambia ilifunga mpaka kwa siku chache, na mpaka ukifungwa hufungwa kwa kila lori, hata lile lililobeba ndoo za plastiki na sabuni za kufulia. Iko njia ya ziwa kutoka Kigoma hadi Kalemie, lakini Kalemie si Lubumbashi, na kutoka hapo safari bado ni ndefu.

Hatari nyingine imejificha ndani ya jambo linalotufurahisha. Lubumbashi inazungumza Kiswahili, na Kiswahili ni miongoni mwa lugha nne za taifa za Kongo pamoja na Kilingala, Kikongo na Tshiluba. Mtanzania akifika huko, akasalimiwa kwa lugha yake na kuitwa ndugu, huhisi yuko nyumbani na hulegea. Lakini lugha rasmi ni Kifaransa: fomu ya forodha ni ya Kifaransa, mkataba utakaosomwa mahakamani ni wa Kifaransa, na sheria ya biashara inayotumika ni ya OHADA, jumuiya ya nchi 17 za Afrika zenye sheria moja ya biashara iliyofuata mtindo wa Ufaransa, ambayo Kongo iliingia mwaka 2012 na ambayo mahakama yake ya juu iko Abidjan. Mwanasheria wako wa Dar es Salaam, hata akiwa hodari namna gani, amesomea sheria ya asili ya Kiingereza. Maneno mliyoelewana kwa Kiswahili kizuri mezani hayatamfikia hakimu.

Kuhusu sarafu, bei za jumla Lubumbashi hutajwa kwa dola za Marekani, wakati mteja wa mwisho hulipa mara nyingi kwa faranga za Kongo. Mwaka 2023 faranga ilishuka sana mbele ya dola, na msambazaji aliyechukua mzigo kwa dola huku akiuza kwa faranga aliona faida yake ikiyeyuka kabla ya siku ya kulipa. Kushuka huko kwaweza kuonekana ni shida ya msambazaji peke yake, lakini mdaiwa aliyekula hasara huchelewa kulipa, na kwa njia hiyo shida yake hukufikia na wewe.

Njia ya kwanza: mnunuzi anakuja kwako

Kwa kipimo tulichokiweka, hii ndiyo njia yenye hasara ndogo kuliko zote. Fedha zinaingia kabla mali haijatoka. Lori likipinduka Mpika au likilala siku nyingi Kasumbalesa, lililolala ni la mnunuzi. Ugomvi ukitokea, unatokea Dar es Salaam, kwa sheria unayoijua na kwa wakili unayemfahamu.

Yapo hata hivyo mambo mawili ambayo huifanya njia hii isiwe salama kama inavyoonekana. La kwanza ni malipo. Tangu mwishoni mwa Machi 2025, kanuni za Tanzania zinakataza bidhaa na huduma za ndani kutajiwa bei au kulipwa kwa fedha za kigeni. Mgeni aliyezoea kumwaga dola mezani inampasa azibadilishe kwanza benki au katika duka la kubadilishia fedha, kisha alipe kwa shilingi. Muuzaji anayezipokea dola hizo dukani kwa sababu mteja ana haraka amejitwisha kosa ambalo halikuwa lake.

La pili ni Kodi ya Ongezeko la Thamani. Bidhaa zinazouzwa nje ya nchi hutozwa kwa kiwango cha asilimia sifuri, lakini muuzaji lazima awe na ushahidi kwamba zilitoka kweli. Mnunuzi akichukua mzigo, akaupakia mwenyewe na kuuvusha kwa nyaraka za mtu mwingine, wewe unabaki na mauzo ambayo Mamlaka ya Mapato itayahesabu kuwa ya ndani, nayo yatadaiwa asilimia 18. Ndiyo maana haifai kuandika kwenye ankara sharti la EXW, ambalo humwachia mnunuzi kila kitu pamoja na taratibu za forodha za kutoa mzigo nchini. Sharti la FCA lililotajwa pamoja na jina la mahali, kwa mfano ghala la wakala wa forodha pale Dar es Salaam, linakuacha wewe ushughulike na nyaraka za kutolea mzigo na kubaki na nakala zake, huku hatari ya safari ikihamia kwa mnunuzi mara tu mzigo unapokabidhiwa. Tofauti ya herufi tatu imeshawatofautisha watu wengi na mitaji yao.

Udhaifu mkubwa wa njia ya kwanza hauko katika hasara ya ghafla bali katika kutojua. Humjui mteja wa mwisho, hujui bidhaa yako inauzwa kwa bei gani, wala huna habari kwamba mnunuzi wako mkubwa amekwisha kwenda Guangzhou na ameanza kuagiza ndoo kama zako moja kwa moja. Utagundua siku asiporudi.

Njia ya pili: msambazaji aliyeko Lubumbashi

Hii ndiyo njia inayomaliza mitaji mingi, na pia ndiyo ninayoipendekeza kwa walio wengi, kwa hiyo inahitaji maelezo marefu kuliko nyingine.

Kwanza ni lazima kutofautisha wakala na msambazaji, kwa kuwa katika mazungumzo ya kila siku wote wawili tunawaita wakala. Wakala huuza kwa niaba yako na kulipwa kamisheni. Mali inabaki yako mpaka inunuliwe na mteja. Msambazaji hununua kwako, mali ikawa yake, akaiuza kwa bei yake. Sheria ya biashara ya OHADA iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2010 inampa wakala wa biashara haki ya fidia mkataba wake unapovunjwa bila kosa lake. Mtu aliyeandika barua fupi ya kumteua fulani kuwa wakala wake wa Katanga, yaani eneo la Lubumbashi, akidhani ameandika barua ya heshima tu, anaweza kujikuta anadaiwa fidia siku anapotaka kumwacha. Kama nia yako ni kuuziana, mkataba useme wazi kwamba ni wa mauzo na usambazaji, na kwamba msambazaji ananunua kwa jina lake na kwa gharama yake.

Kisha lipo suala la malipo, ambalo ndilo moyo wa njia hii. Tuchukue mfano wa mzigo wa dola 40,000. Msambazaji mwenye haraka ya kuanza atakuomba mali kauli: umpelekee mzigo wote, auze, akulipe baada ya siku 60. Ukikubali, siku ya kwanza tu mali yote iko ng'ambo, fedha zote ziko ng'ambo, na wewe una karatasi. Hakuna njia nyingine kati ya hizi tatu inayokuweka katika hali mbaya zaidi, hata ile ya kufungua kampuni, kwa kuwa mwenye kampuni walau ana ufunguo wa ghala.

Kinyume cha mali kauli ni malipo yote kabla ya kupakia, ambayo msambazaji mpya hawezi kuyakubali kwa sababu yeye naye ana hofu ileile. Katikati yake kuna LC, yaani ahadi ya benki ya mnunuzi kwamba italipa ikipokea nyaraka zilizotajwa. Hapa ndipo mawazo yaliyozoea biashara ya China huwapoteza watu. Katika biashara ya meli, hati ya shehena ni ufunguo wa mzigo: asiye nayo haupati. Kwa hiyo benki ikizishikilia nyaraka, imeushikilia mzigo. Lakini mzigo wa lori husafiri na hati ya usafirishaji wa barabara, na hati hiyo si ufunguo wa kitu chochote. Ni stakabadhi tu inayosema nani ametuma na nani apokee. Lori likifika Lubumbashi, aliyetajwa kuwa mpokeaji anaweza kukabidhiwa mzigo hata kama nyaraka zingali benki na hajalipa senti. Mtu aliyekubali malipo dhidi ya nyaraka, akijua jinsi ilivyomlinda alipoagiza kontena kwa meli, atashangaa kuona ulinzi uleule haupo barabarani.

Dawa yake ipo, nayo ni ya kawaida. Mpokeaji anayeandikwa kwenye hati ya usafirishaji asiwe msambazaji, bali awe benki iliyokubali hivyo kwa maandishi, au kampuni ya forodha na ghala iliyoko Lubumbashi unayoilipa wewe, ikiwa na maagizo ya kuachilia mzigo ikipata uthibitisho wa malipo kutoka kwako. Jambo hili linagharimu kodi ya ghala kwa siku kadhaa. Gharama hiyo ni ndogo mbele ya dola 40,000.

LC yenyewe, ikiwa imeandikwa vizuri, haikutegemezi katika uaminifu wa msambazaji bali katika benki yake, na ukiitaka benki ya Dar es Salaam iongeze ahadi yake juu ya ile ya benki ya Kongo, unahamisha hata hatari ya benki ya kigeni na hatari ya nchi. Kinachosahaulika ni kwamba benki hushughulika na karatasi, haishughuliki na mali. Kanuni za kimataifa za LC zinazotumika tangu 2007, UCP 600, zinaipa benki siku 5 za kazi kuzikagua nyaraka, na jina la bidhaa lililoandikwa kwa tofauti kati ya ankara na LC linatosha kuzirudisha. Kwa mzigo wa dola 40,000 ada za LC yenye ahadi mbili huweza kuonekana nzito. Kwa mzigo wa dola 10,000 hakuna maana ya kuzilipa. Habari njema ni kwamba benki za ukanda wetu ziko huko: Equity ya Kenya iliinunua benki ya Kongo ya BCDC mwaka 2020, KCB, nayo ya Kenya, ikachukua sehemu kubwa ya hisa za benki nyingine ya huko, TMB, mwishoni mwa 2022, na CRDB ikafungua kampuni tanzu yake Lubumbashi mwaka 2023. Pale benki ya mnunuzi na ya muuzaji zinapokuwa za familia moja, maswali hujibiwa kwa simu, na hilo katika biashara hii lina thamani kubwa kuliko linavyoonekana kwenye orodha ya ada.

Masharti ninayoyaona yanafaa kwa mwaka wa kwanza ni malipo ya awali ya asilimia 30 hadi 50 kabla ya kupakia, yakitosha walau kulipia gharama ya kuurudisha mzigo au kuuuza kwa mwingine kwa bei ya hasara, na salio kulipwa mzigo ukiwa katika ghala lililotajwa hapo juu. Mkopo uje baadaye, uwe na kikomo kilichoandikwa, na mzigo mpya usitoke kabla deni la mzigo wa zamani halijalipwa lote. Neno «lote» ni muhimu. Msambazaji anayelipa kila mara asilimia 80 na kuacha kijimkia anajenga deni kubwa kwa adabu.

Ukifika wakati wa kutoa mkopo, sheria ya Kongo ina silaha ambazo wengi wetu hatuzijui. Sheria ya dhamana ya OHADA inaruhusu muuzaji kubaki mwenye mali hadi alipwe, lakini sharti hilo haliwabani watu wengine, kwa mfano benki inayomdai msambazaji wako, ila likiwa limesajiliwa katika rejesta ya biashara inayoitwa RCCM. Kuandika tu chini ya ankara kwamba mali ni yako hadi ilipwe, kama tulivyozoea, hakutoshi. Ipo pia amri ya kulipa, utaratibu wa mkato ambao mdai mwenye deni lisilo na utata, lenye kiasi kinachojulikana na lililofikia muda wake, anaweza kuuomba mahakamani bila kesi ndefu. Ili deni lako liwe la namna hiyo unahitaji mkataba uliosainiwa, ankara iliyopokelewa kwa mhuri, na hati ya makabidhiano. Ujumbe wa WhatsApp wenye kusema «mzigo nimeuona, kaka» utakusaidia kidogo sana.

Kuhusu mahali pa kuhukumiana, ni vema kuchagua usuluhishi badala ya kuandika kwamba kesi zote zitasikilizwa Dar es Salaam. Hukumu ya mahakama ya Tanzania itahitaji safari nyingine ya mahakama za Kongo kabla ya kugusa mali ya mtu huko. Tuzo ya usuluhishi ina njia iliyochongwa zaidi, kwa sababu Tanzania imo katika Mkataba wa New York wa utambuzi wa tuzo za usuluhishi tangu 1964 na Kongo iliingia mwaka 2014. Hata hivyo nisikudanganye: kwa deni la dola 8,000 hakuna usuluhishi wa kimataifa unaolipa, na ulinzi wako wa kweli ni ule wa ghala na malipo ya awali.

Bima nayo ina mtego wake. Ankara nyingi huandikwa CIF Lubumbashi, ilhali CIF, ambapo muuzaji hulipia nauli na bima, ni sharti la mizigo ya majini, na Lubumbashi haina bahari. Sharti linalofaa barabara ni CIP, ambalo chini ya Incoterms 2020, kanuni za kimataifa za masharti haya ya herufi tatu, humtaka muuzaji akate bima pana zaidi kuliko ile ya CIF. Tofauti hiyo huonekana siku mzigo unapoibiwa njiani, na kampuni ya bima inapoanza kuusoma mkataba kwa makini ambayo haikuwa nayo siku ya kupokea ada.

Jambo la mwisho katika njia hii ni jina la bidhaa. Alama ya biashara iliyosajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa Tanzania, hailindi kitu Kongo. Usajili wa huko hufanyika Kinshasa, katika wizara inayoshughulika na viwanda. Msambazaji mwerevu anaweza kuisajili alama yako kwa jina lake, akidai anakulinda, na siku mkigombana wewe ndiye utakayekuwa mgeni katika soko la bidhaa yako. Sajili mwenyewe kabla ya lori la kwanza.

Njia ya tatu: kampuni yako

Kufungua kampuni Kongo si kugumu kama inavyodhaniwa. Kampuni ya dhima yenye kikomo, inayojulikana kwa kifupi cha Kifaransa kama SARL, inaweza kuwa na mwanahisa mmoja tu, na usajili hupitia dirisha moja linaloitwa GUCE. Wengine huona ni rahisi zaidi kufungua tawi la kampuni yao ya Tanzania, lakini hapo kuna mambo mawili. Tawi si mtu tofauti kisheria, kwa hiyo deni la tawi ni deni la kampuni yako ya Dar es Salaam, na moto wa huko unaunguza nyumba ya huku. Tena, chini ya sheria ya OHADA, tawi la kampuni ya nje linatakiwa kugeuzwa kuwa kampuni ya huko ndani ya miaka 2, isipokuwa likipewa msamaha. Kwa hiyo kwa mtazamo wa kupunguza hatari, SARL hulishinda tawi bila shaka yoyote.

Hatari za kampuni huanza baada ya usajili. Wakaguzi ni wengi: DGI ya kodi, DGDA ya forodha, OCC ya ubora wa bidhaa, OGEFREM ya usafirishaji wa mizigo yenye hati yake ya kielektroniki ya FERI inayotakiwa kuombwa mapema kabla mzigo haujafika, na mamlaka ya mapato ya jimbo la Haut-Katanga. Kila anayeingia ghalani aombwe hati ya kazi yenye jina lake, tarehe na jambo analokuja kulikagua, na kila malipo yawe na stakabadhi ya benki. Mtu wa kati anayesema «mimi nitayamaliza» bila stakabadhi hajamaliza kitu. Ameliahirisha deni na kuliongezea kosa la jinai lenye jina lako.

Kisha kuna shughuli ambazo mgeni haruhusiwi kuzifanya. Biashara ndogo imehifadhiwa kwa Wakongo kwa sheria ya 1990, na kazi za kandarasi ndogo, zikiwamo zile za migodi ya Katanga ambazo wengi huzitamani, zimehifadhiwa tangu 2017 kwa kampuni ambazo hisa zake nyingi ni za Wakongo. Hapo ndipo huzaliwa wazo la kutumia jina la mwenyeji: hisa ziandikwe kwake, mtaji uwe wako, na mapatano yabaki moyoni. Kwa maoni yangu huo ndio uamuzi mbaya kuliko yote yanayolinganishwa hapa. Mbele ya sheria mwenye hisa ni yule aliyeandikwa, na wewe huwezi kwenda mahakamani kudai kitu ambacho msingi wake ni kuikwepa sheria. Anayetaka kujua serikali huyatazamaje mambo haya asitazame mbali. Amri ya Tanzania ya Julai 2025 iliyowakataza wasio raia kufanya biashara 15, zikiwamo saluni, ukarabati wa simu na ununuzi wa mazao shambani, iliweka adhabu kwa raia pia anayemsaidia mgeni kuzifanya: faini ya shilingi milioni 5 au kifungo cha miezi 3. Wakenya waliolalamikia amri ile walikuwa na biashara zilizosajiliwa na wateja waliowazoea. Sheria ya kigeni inaweza kubadilika ukiwa tayari umeweka rafu na friji dukani.

Ubia wa kweli na Mkongo, ambaye ametia fedha zake na ana hisa zake halali, ni jambo tofauti kabisa, na pengine ndio sura bora ya njia hii ya tatu. Sharti lake ni mtaji wa pande zote mbili kuingia benki, saini mbili kwenye akaunti, na namna ya kuachana iandikwe siku ya kuungana.

Tukio moja, hasara tatu

Ulinganisho huonekana vizuri zaidi kwa tukio moja kuliko kwa maelezo. Mwishoni mwa Januari 2025 waasi wa M23 waliuteka mji wa Goma, na katikati ya Februari wakaingia Bukavu. Benki zilifunga milango na uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa. Goma iko Kivu, mbali na Lubumbashi, na sisemi kwamba la Kivu litatokea Katanga. Nalitumia kama kipimo. Mfanyabiashara wa nje aliyewauzia watu wa Goma mlangoni kwake alipoteza wateja kwa muda. Aliyempelekea msambazaji mali kauli alibaki na deni ambalo mdaiwa, hata akiwa mwaminifu, hakuwa na benki ya kulipia. Mwenye kampuni na ghala mjini alikuwa na mali, wafanyakazi na akaunti vyote mahali pamoja, chini ya watu ambao hakuingia nao mkataba. Bima ya hatari za kisiasa kwa hali kama hii ipo, na taasisi ya ATIDI yenye makao Nairobi, ambayo Tanzania na Kongo ni wanachama wake, huitoa. Lakini hiyo ni ya mradi mkubwa au mkopo wa benki. Mwenye lori mbili kwa mwezi ataendelea kutegemea mpangilio wake mwenyewe.

Nani achague ipi

Mwenye mtaji ambao mzigo mmoja ukipotea biashara inafungwa, abaki na njia ya kwanza, hata kama anaona wenzake wanapata zaidi, na atumie muda huo kuandika majina ya wanunuzi wake na kiasi wanachochukua. Aliyefikia kuuza mizigo kadhaa ya thamani ya dola 40,000 kwa mwaka, na anayeweza kuipoteza mmoja bila kukopa, aende njia ya pili kwa masharti ya malipo ya awali na ghala la mtu wa tatu, huku akiendelea kuuza mlangoni kwa wanunuzi wa miji mingine. Wasambazaji wawili wenye maeneo tofauti ni bora kuliko mmoja mwenye nchi nzima, kwa kuwa haki ya pekee ukishaitoa huipati tena kwa urahisi; na ukilazimika kuitoa, ifungwe na kiwango cha mauzo na muda wa mwaka mmoja.

Njia ya tatu inamfaa yule ambaye mauzo yake ya Lubumbashi yamekwisha kuwa makubwa kiasi kwamba kodi ya ghala, mhasibu anayejua mfumo wa OHADA na meneja wa kudumu vinalipwa na mauzo yaliyopo, si na yanayotarajiwa. Kabla ya hapo kampuni ni mzigo unaolipiwa na Kariakoo kila mwezi.

Kwa yeyote atakayechagua njia ya pili, kazi ya kwanza haihitaji nauli. Mwombe msambazaji akutumie ankara yake moja tupu. Kampuni halali ya Kongo huchapisha juu au chini ya karatasi yake namba tatu: ya rejesta ya RCCM, ya utambulisho wa taifa inayofupishwa Id. Nat., na ya mlipakodi iitwayo NIF. Mpe wakili wa Lubumbashi, ambaye hukutajiwa na msambazaji huyo, azihakiki zote tatu pamoja na jina la meneja mwenye haki ya kusaini. Akirudi na jina ambalo si la mtu unayezungumza naye kila siku kwenye simu, mwambie dereva asubiri kupakia.